Ishirini na Nane kwa Kumi na Nne

Wiki ya Granby mimi sinyoi vizuri. Wateja wangu wanalijua hilo, ndiyo maana mwenye harusi au kesi mahakamani huja wiki ya kabla. Nimekuwa kinyozi hapa Ferris Hill, Alabama, miaka thelathini na moja, na kila Novemba, zikibaki siku chache Chuo cha Tolliver kikutane na Chuo cha Granby kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba na kugongana, mkono unanitetemeka na masikio ya watu yanakuwa hatarini.

Mwaka huu ulinitetemeka tangu Jumatatu, kwa sababu mpiga mateke wa Tolliver ni mwanangu.

Tavion ana miaka ishirini na mmoja, yuko mwaka wa mwisho. Kazi yake si kukimbia wala kugongana na yale majitu. Kazi yake ni kuingia uwanjani mambo yakikwama, kuupiga mpira teke moja upite katikati ya milingoti, timu iandikiwe pointi tatu, yeye atoke. Basi. Akipata, watu wanamsifu aliyekuwa akirusha mpira mchana kutwa. Akikosa, wanalikumbuka jina lake.

Na mwaka jana alikosa. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde nne, yadi thelathini na saba, umbali ambao Tavion alikuwa anaupiga nyuma ya kanisa letu tangu ana miaka kumi na nne. Mpira ukapita kushoto ya mlingoti. Si kushoto sana, upana wa kiganja tu, lakini kiganja kinatosha. Kabla ya Krismasi watu wa Granby walishachapisha fulana za kijani zenye neno moja kifuani: KUSHOTO. Hao niliwaelewa, ni maadui. Walioniunguza moyo ni wa kwetu sisi, wavaa jezi za damu ya mzee kama mimi, waliomwandikia mtoto maneno kwenye simu ambayo siyarudii hapa maana mimi ni mtu wa kanisani. Miezi mitatu Tavion hakukanyaga bwalo la chuo. Alikuwa anakula chumbani kwake, peke yake, mlango kaufunga. Mama yake alishatangulia, Mungu amrehemu, kwa hiyo aliyepigiwa simu usiku na mchana ni mimi.

Sasa Jumamosi hii ndiyo ilikuwa ya kulifuta lile neno kifuani mwa watu. Hana mechi nyingine ya Granby maishani mwake. Akipiga moja tu ikaingia, atatembea mji huu kichwa juu mpaka azeeke. Akikosa tena, sijui. Nilikuwa sitaki hata kufika huko kwa mawazo.

Jumapili alikuja nyumbani bila kuniambia. Aliendesha gari saa mbili nzima. Nikampikia kuku wa kukaanga na mboga za majani zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, chakula ambacho kwa kawaida akikiona anasahau adabu. Safari hii akawa anakizungusha tu kwenye sahani.

"Baba," akasema, "kuna kitu kimechanika kwenye nyonga. Huku kulia. Tangu Jumanne."

Nikaweka uma chini. "Mguu wa kupigia?"

"Ndiyo, baba."

"Daktari wa timu anasemaje?"

"Hajui. Sijamwambia mtu. Kocha naye hajui."

"Itapona kabla ya Jumamosi?"

"Sijui."

"Lakini kupiga unaweza?"

"Za karibu naweza. Za mbali nikipiga naona nyota." Akaniangalia. Alikuwa ananiangalia muda wote ule, sasa ndiyo naliona.

Mimi nikafanya nini? Nikainuka nikafunga dirisha la jikoni. Naapa kwa Mungu. Jirani yangu ana shemeji yake anaishi Granby, na sauti inasafiri. Nikarudi nikakaa, nikamshika mwanangu mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza. Hili lisitoke humu ndani. Barafu asubuhi, maji ya moto jioni, na mdomo uufunge. Granby wakijua tumekwisha."

"Ndiyo, baba," akasema. Akaosha sahani yake, akaondoka jua lingalipo.

Siku nne nikatembea na ile siri tumboni. Silali, sili, mteja akinisalimia nashtuka. Shemasi Yancey nilimkata nyuma ya sikio Jumatano, kidogo tu, akaniambia, "Lucius, nimekuja kunyolewa, sikuja kutahiriwa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi ikafika.

Alhamisi ya wiki ya Granby, duka langu halina kazi baada ya saa nane mchana. Kuna kikao. Wanakuja wale wale: Shemasi Yancey, fundi bomba mstaafu, mtu wa takwimu, anayejua uzito wa kila mchezaji kuliko anavyojua siku za kuzaliwa za wajukuu zake. Hollis Pruitt, aliyekuwa mpeleka barua, mwoga kuliko wote, kila mwaka anasema tutafungwa ili asije akaumia. Na Otha Mims. Otha ni mtu wa Granby. Ndiyo, namnyoa mtu wa Granby, miaka ishirini na sita sasa, na bado sijui kwa nini. Aliendesha basi la shule, akampeleka Tavion darasa la kwanza mpaka la nane, na tangu mwaka jana kila akikaa kwenye kiti changu anainamisha kichwa na kusema, "Nipunguzie kidogo kushoto." Kila mara. Mwaka mzima. Sijui ni neema gani iliyonizuia nisimnyoe nyusi.

Na huyu Otha, juu ya hayo yote, ni mtu wa redio. Kila Alhamisi saa kumi kamili kuna kipindi cha kupiga simu, kinasikika jimbo zima, makocha wenyewe wanakisikiliza ingawa wanakana. Otha hajakosa hata Alhamisi moja ya msimu. Anajulikana. Mtangazaji akisikia sauti yake anasema, "Haya, funga watoto ndani, Otha yuko hewani."

Tukaanza.

"Mstari wetu wa mbele una kilo kumi zaidi kwa kila mtu," akasema Shemasi. "Kumi! Mtawasukuma na nini?"

"Na akili," akasema Otha. "Kitu ambacho Tolliver hamfundishwi."

"Mnamtegemea yule mrushaji wenu mwenye nywele za kike?"

"Nywele za kike zilizowapiga mwaka jana?"

"Mimi nasema tutafungwa," akasema Hollis.

"Nyamaza, Hollis!" tukamwambia wote.

"Nasema tu. Mvua ikinyesha hatuwezi kurusha. Upepo wa pale Granby unavuma kutoka mtoni. Mechi itakuwa ya kubanana, pointi mbili tatu hivi, na mwishoni..." Akaishia hapo. Akaniangalia kwenye kioo, akajifanya anakohoa.

Nilijua alichotaka kusema. Wote tulijua. Mechi ikiwa ya kubanana, mwishoni anaitwa Tavion. Nikageuka kupanga vitana ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Haya, kioo!" akasema Shemasi.

Hii ni desturi ya duka. Kila mmoja anachovya kidole kwenye povu la sabuni ya ndevu anaandika matokeo yake kwenye kioo kikubwa, na hayafutwi mpaka Jumatatu. Mwenye duka anaandika mwisho. Otha akaandika thelathini na moja kwa kumi, Granby, akachora na mshale unaoelekea kushoto, mshenzi yule. Shemasi akaandika ishirini na saba kwa kumi na saba, Tolliver. Hollis akaandika tumefungwa kwa moja, akaomba radhi.

"Kinyozi, andika!"

Nikachovya kidole. Nikaandika haraka ili yaishe: ishirini na nane kwa kumi na nne, Tolliver. Nikafuta kidole kwenye aproni.

Shemasi akasogea kwenye kioo. Akavaa miwani. Akaisoma ile namba yangu muda mrefu, mpaka nikaanza kutoka jasho.

"Lucius," akasema polepole, "ishirini na nane ni saba mara nne."

"Umesoma shule, hongera."

"Saba ni kuvuka mstari na kale kateke ka karibu ka nyongeza. Saba, saba, saba, saba. Teke la pointi tatu liko wapi?" Akageuka. "Miaka mitatu huyu mtoto yuko timu ya kwanza, na miaka mitatu wewe unaandika namba zenye mateke yake. Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Mwaka jana uliandika thelathini, ukasema matatu ni ya Tavion. Leo mtoto wako hana hata moja?"

"Ni namba tu, Shemasi."

"Hakuna namba tu kwenye hiki kioo."

"Kumbe hata baba yake hamwamini!" akadakia Otha, akapiga paja. "Jamani! Hata baba yake ameona bora asipige! Nawaambia, kushoto haina dawa!"

Akacheka. Sijui kama mnajua kicheko kinachoingia mahali pabaya. Nilikuwa nimebeba lile jambo siku nne, nimebanwa pande zote, na yule mzee anacheka eti simwamini mwanangu.

"Nyonga yake imechanika!" nikapiga kelele. "Umeridhika? Imechanika, hawezi kupiga za mbali, kocha hajui, na bado atacheza! Ana moyo kuliko nyie wote mkipangwa mstari! Simwamini? Mimi?"

Halafu nikajisikia.

Hollis alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Shemasi akavua miwani. Otha alikuwa bado amefungua kinywa, kicheko kimekwisha. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa kumi kasoro dakika ishirini na tano, na baada ya dakika ishirini na tano mtu wa Granby atakuwa anaongea na jimbo zima.

"Mungu wangu," akasema Hollis. "Tumekwisha."

"Otha," nikasema. "Otha, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu yangu, miaka ishirini na sita hujawahi."

"Ukilisema redioni, kocha atamtoa saa hiyo hiyo. Hatapiga hata moja. Atamaliza chuo na lile lile la mwaka jana. Nakuomba. Nitakunyoa bure mpaka mmoja wetu afe."

"Nani ametaja habari ya kunyoa?" Otha akainuka, akachukua kofia yake ya kijani. Shemasi akaenda kusimama mlangoni, mwili wake wote ule.

"Shemasi, hebu pisha," akasema Otha.

"Apa kwanza."

"Nimesema pisha." Shemasi akaniangalia, nikampa ishara ampishe. Tungemfanya nini, tumfunge kwenye kiti? Otha akafika kizingitini, akageuka. Uso wake haukuwa wa utani.

"Mtoto anaumwa sana?" akaniuliza.

"Amesema atacheza."

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye gari lake.

Zile dakika zilizobaki sizielewi zilipitaje. Shemasi akawa anaomba, kwa sauti, kwa majina. Hollis akawa anatembea dirishani na kurudi. "Atasema," anasema. "Mimi ningesema. Ningekuwa Granby ningesema." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho sifanyi kamwe, nikaona uso wangu kwenye kioo nyuma ya zile namba za povu. Nilikuwa namwona Tavion amekaa benchi Jumamosi, amevaa jezi safi, watu elfu sitini wanapiga kelele na yeye hana kazi.

Saa kumi. Redio. Muziki wa kipindi. Mtu wa kwanza kutoka kusini, analalamikia maegesho. Mtu wa pili mwanamke, anasema amemkataza mume wake kuingia nyumbani mpaka avue kofia ya Granby. Halafu mtangazaji akasema, "Funga watoto ndani."

Hollis akakaa chini, sakafuni kabisa.

"Otha, nasikia Tolliver wana mstari mzito mwaka huu."

"Wazito, ndiyo. Na ng'ombe ni mzito."

"Na mpiga mateke wao? Yule kijana Weathers? Kuna maneno huko kwenu Ferris Hill?"

Kimya. Kwenye redio kimya kinatisha, maana unajua kila mtu anakisikia. Sekunde tatu, nne. Nikafumba macho.

"Yule kijana nilimpeleka shule miaka minane," sauti ya Otha ikasema. "Ana adabu. Na mguu wake ni nyundo. Nawaambia watu wangu wa Granby, msimwache huyo mtoto asogee ndani ya yadi hamsini, atatuumiza. Haya, kwaheri." Akakata. Hajawahi kukata mwenyewe.

Jamani, tulilia! Shemasi alininyanyua juu, mimi na uzito wangu. Hollis akapiga kofi sakafu, anasema, "Mtu wa Granby! Mtu wa Granby!" kama mtu aliyeona muujiza. Nikasema Otha Mims nitamnunulia nyama choma ya mbavu nzima na nitamwita ndugu mbele ya watu. Tukaapizana pale pale, mkono juu ya mkono, kwamba hakuna atakayemwambia hata mke wake. Nikafunga duka moyo mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilisikia njaa.

Saa kumi na moja na nusu, nikiwa nyumbani napasha chakula, simu ikalia. Tavion.

"Baba, nimemsikia mzee Otha redioni."

"Umemsikia eh?" Nikacheka peke yangu. "Nyundo! Adui mwenyewe! Ngoja nikusimulie, usikasirike. Mdomo uliniponyoka dukani, ni kosa langu. Lakini mwanangu, wamesimama na wewe! Shemasi ameapa, Hollis ameapa, na Otha umemsikia mwenyewe."

"Kwa hiyo wanajua."

"Wanajua, lakini usiogope, hakuna hata mmoja atakayemwambia kocha. Hakuna. Nakuhakikishia."

Nikadhani simu imekatika.

"Tay? Upo?"

"Watu wanne wazima," akasema. "Na hakuna hata mmoja."

"Hakuna, naapa!" Nilikuwa bado namletea habari njema. Mungu anisamehe, nilikuwa bado natabasamu, nimeshika mwiko.

"Baba, mimi Jumapili niliendesha saa mbili kuja kwako. Ningetaka iwe siri ningebaki nayo huku."

Nikazima jiko.

"Siwezi kumwambia kocha mimi," akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Nikisema mimi watasema nimeogopa. Kwamba nimekosa mwaka jana na sasa natafuta sababu. Nilitaka useme wewe. Baba akisema, ni baba amekataa, hakuna wa kunicheka. Nikakusubiri Jumatatu. Jumanne nikasema labda leo. Leo mchana nimemsikia Otha anausifu mguu wangu kama mzima, nikajua hujampigia kocha wala hutampigia." Akapumua. "Asubuhi nimeshindwa kuvaa soksi, baba. Mwenzangu wa chumbani ndiye amenivika."

Na hapo, nasema kama ilivyokuwa, kichwa changu bado kikaenda kupiga hesabu: nani atapiga basi? Yule dogo wa mwaka wa kwanza? Yule hapigi zaidi ya yadi thelathini, na upepo wa mtoni... Hesabu ikaja yenyewe, kabla sijaizuia, mwanangu analia sikioni mwangu. Nikaona haya ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

"Nipe namba ya kocha," nikasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nani atacheka mimi sijui, ila hutapiga Jumamosi. Nimekataa mimi. Waambie baba yako mkorofi."

Akanitajia namba, nikaiandika kwenye boksi la unga. Nikataka kukata, akasema haraka, "Baba, usikate kwanza."

"Sikati."

Nikavuta kiti nikakaa. Nikatafuta neno, na neno lililokuja lilikuwa dogo, la kumuuliza mtoto aliyeanguka uwanjani.

"Inauma wapi?"

Akaanza kunieleza. Inaanzia ndani ya paja, inapanda, akikaa inachoma, akilala lazima aweke mto. Alieleza kwa muda mrefu, akirudia rudia, na sikumkatiza. Alipomaliza nikampigia kocha.